Kitanzi cha Specioza

Treni ya Kaliua ilipotema watu stesheni ya Mpanda, Malale alidaka begi la dada mmoja wa gauni la kitenge cha njano, kabla madereva wenzake wa bajaji hawajalifikia.

"Begi ni langu, siyo la mashindano," Specioza akamwambia, lakini akapanda. Kufika mtaa wa Makanyagio walishapeana namba.

Mapenzi yakaiva kwa simu. Malale, Msukuma aliyeacha ng'ombe wa baba yake, aliitwa "mchunga bajaji wangu". Specioza hakumficha kovu la tumboni: anaishi kwa figo ya dada yake, Yustina. Alichoficha ni kwamba daktari alimkataza mimba kwa sasa. Ingeweza kuua figo, na dawa zake zingemharibu mtoto. Na mama yake Malale alishaanza kuulizia wajukuu.

Siku moja ndani ya bajaji Specioza akampigia Yustina. "Dada, nimechoka kuishi na hofu. Nimeamua, Jumatatu naweka kitanzi."

Malale alijua kitanzi kimoja tu, cha kamba na shingo. Alimshusha Specioza nyumbani kwake, akazunguka uani.

Specioza alipotoka alikuta nguo zake chini, mbuzi wa jirani kafunguliwa anakula mchicha, na Malale amekumbatia kamba zote za ua ule, machozi yanamtoka.

"Mpenzi, kama nimekukosea sema. Usijinyonge."

Specioza akacheka hadi akakaa chini. Kicheko kilipoisha akamweleza yote: kitanzi hiki ni kidude kidogo, kinawekwa kwenye mfuko wa uzazi kuzuia mimba. Vidonge vya majira daktari alivikataa kwa sababu ya presha yake. Kitanzi kinamfaa, maana figo imetulia.

"Mtoto siyo sasa, Malale. Siku ikifika, daktari abadilishe dawa kwanza. Na pengine isiwezekane kabisa. Kama nyie kwenu hamuwezi kusubiri, niambie leo."

Malale akatupa kamba, akampigia mama yake, simu akaiweka sauti ya nje.

"Mama, nimepata mke. Wajukuu tusubiri. Nikimharakisha huyu nitakuletea msiba."

Mama akasema, "Kwani mjukuu asiye na mama nitamfanyia nini? Mlete nimuone."

Jumatatu Malale aliegesha nje ya kliniki, akikataa abiria. Specioza akatoka taratibu, kapaka wanja, kajifunga kitenge kipya.

"Tayari?"

"Tayari. Sasa nioe bila woga."