Kuku Aliyekufa Amekaa

Mniwie radhi mapema, kabla hamjachoka. Kisa hiki kilistahili mtu mwenye sauti nzito na uso wa mazishini, nanyi mmeniangukia mimi, ambaye hata nikitoa rambirambi wafiwa huuliza kiingilio ni shilingi ngapi. Nitakisimulia vibaya. Pa kunong'ona nitapiga kelele, na pa kutisha huenda nikakohoa. Lakini kilitokea, Lyamkena pale Makambako, enzi za Mwingereza, na kilianza na kuku.

Kuku mwenyewe alikuwa tetea mwekundu aliyeletwa kwa ajili ya supu ya mzazi, mke wa Manase, akafungwa kwenye mguu wa kitanda angoje zamu yake. Asubuhi moja ya mwezi wa saba mama mkwe wa Manase aligonga mlango wa chumba kwa ndani, akasema polepole kama mtu anayeuliza njia:

"Mkwe. Kuku amekufa."

"Amekufaje, mama?"

"Amekufa amekaa."

Manase hakuingia. Kwao mwanamume hakanyagi chumba cha mzazi mpaka kitovu cha mtoto kidondoke, na kama mama mkwe yumo ndani, hata kivuli chako kinatakiwa kubisha hodi. Mlango ulifunguka upana wa mkono, kuku akatolewa. Hakuwa na jeraha wala dalili ya kideri. Alikuwa amekunja mabawa vizuri, macho wazi, na upanga wake wa kichwani ulikuwa mwekundu kama pilipili iliyoiva, mwekundu kuliko alipokuwa hai.

"Tumle?" Manase aliuliza.

"Ule wewe," alisema mama mkwe huyo, Mama Avelina, akafunga mlango.

Ulikuwa mlango mzuri, huo. Manase alikuwa mwashi. Kazi alijifunza kwa wamisionari Njombe, na miaka yote aliyowajengea wengine alikuwa anaijenga nyumba hii yake kichwani. Tofali za kuchoma, bati juu, dari ya mbao, kuta za chokaa nyeupe inayoumiza macho. Chumbani aliweka kioo kimoja kikubwa cha dirisha kilicholetwa kwa lori kutoka Iringa kikiwa kimeviringishwa katika nyasi kama yai. Bawaba za dirisha hakuzipata, basi akakijengea kioo kwa saruji moja kwa moja. Upepo wa Makambako mnaujua, ule unaovua watu kofia na kuwapelekea majirani. Manase alikuwa akisimama barazani na kujisifu kwamba nyumba yake haipitishi hata umbeya.

Kwa wazazi wake, Wanging'ombe, nyumba ilikuwa ya nyasi, moto katikati, moshi ukipanda na kupenya juu mpaka paa zima linafuka kama babu mwenye kiko. Manase aliikataa hiyo habari. Kuni zingemharibia chokaa. Mzazi na mtoto lazima wapate joto, hilo halina mjadala, kwa hiyo alinunua mkaa, ambao hautoi moshi, akaagiza jiko liwekwe karibu na kitanda na liwake mchana na usiku.

Maana huyu hakuwa mtoto wa kuchezea. Wa kwanza walimzika siku aliyozaliwa, na mkewe Vestina alikaa muda mrefu sana bila kushika mimba nyingine, mpaka ndugu wa Manase wakaanza kumtajia majina ya wasichana. Sasa alikuwapo huyu wa kiume, hajapewa jina bado, na kila jioni Manase aliweka sikio mlangoni mpaka amsikie akinyonya. Ndipo alipokula.

Baada ya kuku, alianza kusikia mambo mengine.

"Mama," ilikuwa sauti ya Vestina, "nani anatembea darini?"

"Ni bati, mwanangu. Linapoa."

"Bati halina visigino."

Hapo Mama Avelina naye, aliyezaa tisa bila kumwogopa mtu, akasema, "Na mimi nimemsikia. Nilidhani ni mimi tu."

Vichwa viliwauma. Wakatapika. Vestina alisema kuna mtu anakuja kumkalia kifuani, mtu mzito, hana uso, na akishakaa miguu ya Vestina inakuwa ya mtu mwingine. Mtoto alilala mno. Alinyonya mara mbili, akaliachia titi, akalala tena, shavu jekundu la kupendeza, na wanawake wachache walioruhusiwa kumchungulia mlangoni walisifu rangi yake. Mama Avelina alipotoka kuchota maji alikuwa mzima; alitembea, alisalimia kamwene huku na kule, alifoka. Akirudi ndani, kabla hajatua ndoo vizuri, kichwa kilimgonga.

"Anaishi humu," alimwambia Manase kupitia upenyo wa mlango. "Nje hayupo. Humu ndani ndiyo kwake."

"Basi tuwatoe nje, mama."

"Kitovu bado hakijadondoka! Nimtoe mtoto kwenye baridi hii, macho ya watu yamwone? Unataka kumzika na huyu?"

Kwa neno hilo Manase aliacha habari ya kuwatoa. Mwinjilisti aliitwa, akaomba barazani, kwa kuwa chumbani haingii mwanamume. Jini, kama Mama Avelina alivyoliita, halikusikia, au lilisikia likaitikia amina. Joto lilionekana halitoshi. Manase aliongeza mkaa.

Ndipo akaja Alfonsi. Huyu alizaliwa Mkatoliki kama Vestina, akaenda Dar es Salaam akiwa utingo wa lori, akarudi na kofia ya viua, kipande cha udi na utaalamu wa majini. Alizunguka nyumba, akanusa ukuta, akanusa na kibuyu cha pombe ya ulanzi alichokaribishwa, akasimama mbele ya kioo.

"Kaka Manase, hili si soka la babu, si mzimu wa kwenu. Soka la babu linataka pombe na heshima, mmemalizana. Hili ni jini la pwani. Limekuja na kioo."

"Kioo kimetoka Iringa."

"Na Iringa kilifikaje? Kiliota?"

Manase alikigusa kioo kwa kidole.

"Linatoka na kuingia," Alfonsi alinong'ona. "Ndiyo maana mnalisikia na hamlipati. Tulifungie nje. Ziba kila tundu, hata pa kupita sisimizi. Halafu udi, udi mwingi, na jiko hilo moja ni la kukaangia mayai. Weka la pili."

Niseme ukweli, hakuna nyumba iliyowahi kuzibwa vizuri vile tangu mtu agundue udongo. Manase alichukua mwiko wake. Aliziba matundu aliyoyaacha chini ya dari, akaziba pembeni mwa fremu ya mlango, akaziba tundu la ufunguo kwa nta. Huku akiomba, huku machozi yakimdondokea kwenye udongo na kuulainisha. Ndani, Mama Avelina aliliwasha jiko la pili, akalitia udi, akasukumia matambara chini ya mlango na kutia komeo la chuma. Alfonsi akampaka Manase unga mweupe usoni, akamfunga kitambaa chekundu kichwani, akamkataza kusema na mtu.

"Asifungue yeyote mpaka nimalize. Akifungua tu, limechukua roho moja."

Ilikuwa alasiri, lakini ukungu ulikuwa umeshuka mpaka barabara ya Njombe haikuonekana, na lori lililopita lilipita kama sauti tu. Alfonsi alianza kusoma. Alisoma Kiarabu cha lori, vipande vipande, na alipokwama alirudia mwanzo. Manase alikuwa ameketi chini, mgongo mlangoni, akisikiliza.

Kwanza alimsikia Vestina akilia. Kisha akamsikia akicheka, kicheko kidogo cha msichana, akimwambia mtu, "Sogea basi, sogea, unaniumiza." Mama Avelina alikuwa akiita jina la mumewe, ambaye alikufa Mwingereza hajafika nchi hii. Mtoto alilia mara moja, sauti nyembamba kama ya bawaba, ikakatika.

"Mama?" Manase alisema.

Aligonga kwa kiganja.

"Mama Avelina! Vestina!"

"Usiseme!" Alfonsi alifoka kwa kunong'ona. "Ndiyo linatoka."

"Mtoto halii."

"Ni dalili nzuri."

"Mtoto halii, Alfonsi."

"Kaka, nakuambia ni..."

Manase alimsukuma Alfonsi pembeni, akaupiga mlango bega, na ule mlango aliouchonga mwenyewe kwa mbao nene ili usiingie hata upepo ukamrudisha chini, akaupiga tena, akasikia bega lake likilia na komeo likikaa kimya, na ndani kimya, kimya kisicho hata cha pumzi, basi akageuka akakimbia kuizunguka nyumba huku ukungu ukimwingia kinywani, akijikwaa kwenye mabaki ya tofali zake, akiita jina la Mungu na la mke wake na la mtoto ambaye jina hakuwa nalo, mpaka akafika dirishani akaweka uso wake kwenye kioo aone ndani, na ndani hakuona kitanda wala mke wala mtoto, aliona jini; lilikuwa limesimama palepale, kwa ndani, pua kwa pua naye, uso mweupe kama maiti iliyopakwa chokaa, damu imeliviringa kichwani, macho yametoka, mdomo wazi, na lilikuwa likimwita, likimwita kwa mdomo wake lakini bila sauti, na nyuma yake, mbali, makaa mawili mekundu yalikuwa yakipumua.

Manase hakuwahi kuwa shujaa. Lakini lile lilikuwa kati yake na mwanawe. Aliinama, akaokota tofali, akalipiga jini usoni kwa nguvu zake zote.

Kioo cha Iringa kilipasuka na kumwagika. Kutoka ndani likatoka joto, likampita usoni kama pumzi ya ng'ombe mgonjwa, na upepo wa Makambako, uliozuiwa tangu nyumba ilipojengwa, ukaingia kwa fujo na kufagia udi wote. Alfonsi aliposikia mlio huo hakuuliza. Viatu vyake vilikutwa barabarani, kimoja kikielekea Njombe na kingine Mbeya.

Manase aliingia kwa dirishani, akachanika mikono. Alimtoa mtoto kwanza, akamlaza kwenye nyasi zenye umande baridi. Alimbeba Vestina. Akamkamata kwapani na mama mkwe, ambaye maisha yake yote hakuwa amemgusa hata kidole, akamburuta. Kichwa chake kilikuwa kimeanza kuzunguka. Wote watatu walikuwa na midomo myekundu, mizuri, kama watu waliotoka sherehe.

Mtoto hakupumua.

Alimtikisa. Akamwita "baba," akamwita "bwana mkubwa," akamwahidi nyumba. Mama Avelina alitapika, akafungua jicho moja, akamnyang'anya mtoto bila kusema, akaweka mdomo wake juu ya pua na mdomo wa kitoto, akapuliza. Akapuliza tena. Manase alikuwa amepiga magoti, akiutazama ukungu kwa sababu upande wa mtoto hakuweza. Alikuwa ameshaanza kuchagua mahali pa kuchimba.

Kilichomgeuza ni chafya. Ndogo, ya hasira. Halafu kilio ambacho kilisikika mpaka stendi ya malori, na hakuna mwanamuziki aliyewahi kumfurahisha mtu kiasi hicho.

Vestina aliamka baadaye kidogo. Alimwona mumewe ameinama juu yake, akapiga yowe na kuanza kurudi nyuma kwa viwiko.

"Mimi!" alisema Manase. "Ni mimi, mke wangu!"

"Uso wako una nini?"

Manase alijishika shavu. Akatazama vidole: unga. Akashika kichwa: kitambaa chekundu. Akalitazama dirisha lililokuwa wazi sasa, na ndani hakukuwa na mtu, ila majiko mawili na chokaa nyeupe. Aliketi chini palepale, kama yule kuku.

Kesho yake dresa wa zahanati, Kornelio, aliwapima na kuwaeleza yaliyogunduliwa na wenye maabara: mkaa ukiwaka mahali pasipo na hewa hutoa hewa nyingine, mbaya, haina moshi, haina harufu, haina rangi. Inaingia kwenye damu, damu inakuwa nyekundu sana, mtu anasikia sauti, anaona watu, kifua kinabanwa, analala, haamki. Nyumba ya nyasi inapumua yenyewe. Hii ilinyimwa pua.

Mama Avelina alimsikiliza mpaka mwisho, blanketi mabegani.

"Halionekani?"

"Halionekani, bibi."

"Halina harufu. Linaingia kwa mtu aliyelala, linamkalia kifuani, linamuua."

"Ndiyo."

"Basi mwanangu, mimi nilisema jini, na wewe umesema jini. Wewe umechelewa tu."

Vestina alipona, ingawa mpaka mahindi yanavunwa alikuwa akisahau majina ya watu na kumwita mama yake shangazi. Mtoto aliitwa Yoeli. Dirisha lilikaa bila kioo, na chokaa ya chumba kile ikawa nyeusi tititi kwa moshi wa kuni, na Manase, kila alipoulizwa, alisema ndiyo rangi aliyoitaka.

Hayo nimeyaandika nikiwa Njombe, mwezi wa saba tena, na baridi ya hapa haimheshimu mtu aliyesoma. Kwa hiyo jiko la mkaa nimeliweka chini ya meza, dirisha nimelifunga, na chini ya mlango nimesokomeza koti langu. Sasa kuna mtu amekaa nyuma yangu anasoma kila ninachoandika. Ningependa sana kumlaumu, ila koti ni langu.