Bega la Kushoto

"Dada, toka chumbani kwangu. Mimi nina mke."

Mzee alijifunika shuka hadi kidevuni. Mkewe, aliyesimama na shati la kumvalisha, alicheka, halafu machozi yakamtoka. Amepata mume mwaminifu mpaka anamfukuza mke mwenyewe!

Mzee alikuwa fundi cherehani, mtaani wanamwita Sindano. Ugonjwa wa kusahau ulianza na wateja, ukaenda kwa wajukuu, sasa umemfikia mke. Siku hiyohiyo wifi mtu, dada yake mzee, akatuma ujumbe:

"Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao namfuata kaka yangu, aje akae kwangu. Wewe umechoka, na yeye hakujui tena. Unang'ang'ania nini?"

Swali lilimchoma mama wa watu.

Kituoni alikotibiwa mzee palikuwa na mtaalamu wa kuwarudisha wagonjwa kwenye shughuli zao, binti mpole mwenye maneno makavu. Kwanza alimwingiza mama kwenye kikundi cha wanaouguza. Huko akakutana na baba mmoja ambaye mkewe humwita mwizi kila asubuhi, na bado humchemshia chai mwizi wake. Walicheka mpaka mbavu zikawauma, na mama akalala usingizi alioukosa muda mrefu. Kisha binti akaja nyumbani, akauliza cherehani iko wapi. Ilikuwa uvunguni. Mama aliificha tangu mzee ajichome kidole.

"Mama, unamfunga vifungo, unamlisha, na kazi yake umeificha. Amebaki mgeni humu ndani. Mpe kazi, wewe kaa karibu."

"Akikosea je?"

"Atafumua. Fundi gani hafumui?"

Mwanzoni mzee alishona mfuko wa suruali akauziba mdomo. Mama alijikaza, hakumpokonya. Taratibu mikono ikaikumbuka njia, vifungo akawa anafunga mwenyewe, na mchana akawa anapiga miluzi. Jina la mke tu ndilo halikurudi.

Jumamosi hiyo ilipofika, wifi aliingia na begi tupu la kubebea nguo. Akamkuta kaka yake na futi ya kupimia, anampima mkewe gauni huku akimwita mteja.

"Umesikia mwenyewe," wifi akasema. "Mteja. Niachie ndugu yangu, wifi."

Mzee alikuwa amefika mabegani, na mkono ukasita.

"Mteja, bega lako la kushoto limeshuka. Usijali, nitaweka sponji, hakuna atakayejua. Mke wangu naye yuko hivihivi. Kila gauni lake naliwekea, ila sijawahi kumwambia, asije akaona haya."

Mama aliduwaa. Maisha yake yote ya ndoa amejitazama kwenye kioo akajiona amenyooka sawasawa, kumbe kuna mtu alikuwa anamnyoosha kimyakimya.

Mzee akalipapasa bega tena. Akainua macho, akamtazama usoni.

"Mke wangu," akasema. "Kumbe ni wewe. Mbona umenenepa?"

Mama akamkumbatia, akalia bila kujificha. Alijisikia bibi harusi kuliko siku ya harusi yenyewe. Wifi akaketi, begi likamteleza mkononi, naye akawa anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Kisha akauliza:

"Na kesho akisahau tena?"

"Atanipima upya, wifi. Haendi popote."