Hesabu ya Ndege Kinamasini

Msiniambie ni upepo. Hoja hiyo nimeshaivunja. Yaliyompata shoga yangu, ninayekaa naye chumba kimoja, nimeyasikia kwa masikio yangu.

Kuhesabu ndege kwenye kinamasi cha pwani ni kazi ya wawili: mmoja anatazama kwa darubini na kutaja, mwenzake anarudia na kuandika. Kiangazi kile mwenzake aliugua. Mwalimu wao, bila haya, akamwambia, "Nenda peke yako, ujirekodi kwa simu. Bila hesabu ya leo, utafiti wako umekufa."

Akaenda. Ndani ya kibanda cha kuchungulia ndege kulikuwa giza tii mchana kweupe, dirisha lenyewe upana wa kiganja. Akataja: "Kitwitwi, arobaini. Wanakula. Sululu, tisa. Wamelala." Ghafla kinamasi kizima kikanyamaza, hata vyura. Akatia simu mfukoni bila kuizima, akatimka mbio hadi nyumbani.

Jioni tukaisikiliza ili anakili hesabu. Baada ya kila idadi, sauti ya chini iliirudia taratibu.

"Si ulisema ulikuwa peke yako?" nikamkaripia.

"Haki ya Mungu, peke yangu!"

Ukasikika mlango wa kibanda, matope, pumzi zake. Sauti ikasema: "Mtu, mmoja. Anakimbia."

Akataka kuzima, nikamshika mkono. Ukafuata ufunguo, mlango wetu, na mimi nikicheka: "Umerudi, shoga? Mbona unahema hivyo?"

Kisha sauti, karibu kabisa na simu: "Watu, wawili. Wamesimama."