Karibu ya Chumba Kitupu

Jumatatu asubuhi sponji ya maiki ilikuwa imelowa. Anjela aliigusa, akavuta kidole, ute ukafuata kama wa bamia. Akajifuta kwenye sketi ya kazini, kisha akajilaani kwa kujifuta hapo.

Chumba hicho cha kurekodia, nyumbani kwao Iyunga, alikuwa amemwandalia baba yake, Mwalimu Asukile, mfundisha kwaya mstaafu. Jumatano madaktari wangemtoa koromeo lenye saratani, na sauti ingekwenda nalo. Basi Anjela akaandika skripti ya Python, maagizo ya kompyuta yanayojiendesha yenyewe, ili mzee arekodi nyimbo zake mwenyewe, yeye akiwa kazini. Kila robo saa kompyuta ilifungua programu ya kurekodi, ikasema kwa sauti ya Anjela, "Karibu, anza," ikarekodi mpaka kimya kiingie, ikahifadhi. Ijumaa mzee akapelekwa hospitali kupimwa, akalazwa hadi Jumapili. Skripti hakuna aliyeizima.

Mafaili ya siku hizo yalikuwa yamejaa. Anjela akavaa hedifoni. Mtu alikuwa anatafuna.

Akafungua wimbo ambao baba yake aliurekodi Alhamisi, nao ulikuwa na mapengo, neno hapa limenyofolewa, ubeti pale umebaki nusu, na ndani ya kila pengo ulimi ulikuwa unalamba meno taratibu, kwa raha zake, huku pedi za hedifoni zikipata joto na kutoa harufu ya utumbo uliosahaulika juani, mpaka akazitupa na kutapika kwenye ndoo.

Jumanne mchana akafika Mzee Kalinga, mwombaji wa kufukuza mapepo kutoka Iringa, aliyeitwa na Anjela. Mlangoni tu akaziba pua.

"Alipiga hodi?" akanong'ona.

"Hakuna mtu aliyepiga hodi, babu."

"Na nyie mmekaribisha siku tatu, usiku na mchana, ndani hamna mtu! Mlitegemea aje nani? Hilo ni jini, binti, na linakula sauti ya baba yako. Futa rekodi zote leo. Likizimaliza hizo, litamfuata mwenyewe kooni."

"Zote? Kesho hatakuwa na sauti tena, babu!"

"Zote."

Anjela akaziteua zote. Hapo spika ikazungumza, kwa sauti ya baba yake ya zamani, nzito, safi, ile ya kuongoza kwaya: "Anjela, mwanangu, usinifute," na kila neno likatoka na uji wa kijivu wenye nywele, ukachuruzika juu ya kibodi, ukamfikia vidoleni, vuguvugu, naye akashindwa kubonyeza kwa sababu, jamani, ilikuwa sauti ya baba.

Mzee Asukile alikuwa amesimama mlangoni, blanketi mabegani. Akafungua mdomo, hewa tupu ikatoka. Akashika shingo, akajikamua mpaka machozi yakamtoka.

"Futa," akasema.

Anjela akabonyeza. Ule uvundo ukatoka kupitia dirishani, na kuku wote uani wakakimbia.

Jumatano mzee akafanyiwa upasuaji, akapona. "Futa" ndilo neno la mwisho Anjela alilolisikia kinywani mwake, na halikurekodiwa popote.