Figa la Tatu

Maji ya mtungini yalikuwa na uvuguvugu. Verdiana aliyaonja, akayatema, akaitazama kata kana kwamba kosa ni la kata. Ulikuwa mwezi wa Julai, mwaka tisini na sita, na kule vilimani juu ya Sibwesa baridi ya Julai hufanya watu wazima wagombee jua ukutani. Mtungi ule ulikaa kwenye mchanga mbichi pembeni mwa jiko, na kwa miaka minane ya ndoa yake haukuwahi kumwaibisha. Akauwekea kiganja. Ulikuwa na joto la mwili wa mtu.

"Baba Prisila," aliita, "nani kachanganya maji ya moto humu?"

Mumewe, Kassiani, alikuwa akifunga kamba za viatu, na hakuinua uso. "Labda mtoto."

Mtoto mwenyewe, Prisila wa miaka sita, alikuwa bado amelala. Verdiana alilijua hilo, na Kassiani alijua kwamba mkewe analijua. Akachukua kamba yake akatoka.

Tueleze kwanza kazi yake, maana ubaya uliingilia hapo. Mwendo wa robo saa kutoka nyumbani kwake ilikuwepo chemchemi ya maji moto, shimo lenye mdomo mpana kama ungo, na maji yake yalitokota tangu enzi za mababu. Mtaalamu mmoja wa miamba aitwaye Abednego alikuwa amefika na Land Rover, akitafiti kama joto la chini ya pale linaweza siku moja kuzalisha umeme. Alitaka vipimo vya alfajiri thelathini mfululizo, kabla jua halijagusa maji. Ukikosa siku moja, unaanza upya. Kazi akampa Kassiani, kwa kuwa aliwahi kutunza pampu ya kijiji na mwandiko wake ulisomeka. Kila alfajiri alishusha shimoni kamba ndefu ya katani yenye kipimajoto ndani ya bomba la shaba, na chini yake pande la risasi la kuizamisha. Alihesabu hadi mia sita, akavuta, akasoma, akaandika. Siku ishirini na mbili, kila siku nyuzi themanini na nane. Na majivuno aliyokuwa nayo kwa daftari lile! Alilifunika kwa gazeti, na hata mkewe hakuruhusiwa kulishika akiwa na mikono mibichi.

Siku ya ishirini na tatu risasi ilikatika, ikazama. Kassiani alifunga jiwe la mtoni, likamegekea majini. Akafunga jingine, nalo likamegeka. Jua lilikuwa njiani, daftari linasubiri. Ndipo akajiuliza swali moja lililomponza: jiwe gani limezoea moto? Akakimbia nyumbani. Verdiana na mtoto walikuwa wamelala msibani Sibwesa. Jikoni kulikuwa na mafiga matatu, aliyoyapanga marehemu mama yake Kassiani kwa mkono wake siku Verdiana alipoolewa. Mama yule alisema neno moja tu: figa la nyumba hii lisitoke nje ya uzio, maana atakayelipokea mtakuwa mmemkaribisha motoni kwenu. Tusimsingizie Kassiani kwamba alisahau. Alilikumbuka vizuri, akalibeba figa dogo hivyo hivyo, kwa sababu bila hilo daftari lingekuwa na pengo.

Alilifunga ndani ya wavu wa kamba, akashusha. Alipovuta, kipimajoto kilirudi kimesoma themanini na nane, lakini wavu ulikuwa mtupu. Haukukatika mahali. Fundo lilikuwa limefunguliwa na kamba zake zimenyooshwa vizuri, kama afanyavyo mtu aliyefungua mzigo wake bila haraka. Kassiani alirudi nyumbani, akaweka tofali la kuchoma mahali pa figa, akalipaka majivu, akanyamaza.

Sasa, asubuhi hii ya maji vuguvugu, alisimama mdomoni mwa shimo akiwaza atatumia nini kuzamisha kamba. Hakuhitaji kitu. Alipoachia tu ncha majini, kamba ikaanza kwenda yenyewe, polepole, imekaza, kama vile kuna anayeipokea huko chini mkono kwa mkono. Alihesabu hadi mia sita huku meno yakigongana. Alipovuta, iliachiwa kwa adabu.

Themanini na saba, akaandika.

Aliporudi nyumbani alimkuta Verdiana amesimama jikoni na tofali mkononi.

"Figa liko wapi?"

"Lilipasuka."

"Likipasuka si vipande vinabaki? Viko wapi?"

"Nimetupa, mama Prisila. Jiwe tu hilo."

Verdiana aliliweka tofali chini. Alikuwa akitazama nyuma ya mumewe, na uso wake ulikuwa umepauka. Kassiani akageuka. Chungu cha maharage kilikuwa motoni, kimejaa, kinachemka. Kilikaa juu ya mafiga mawili. Upande wa tatu hapakuwa na kitu, majivu matupu, na chungu hakikuinama hata kidogo.

"Nimelitoa tofali nione utasema nini," Verdiana alinong'ona. "Nikadhani kitamwagika."

Siku hiyo harufu ilianza, ile ya mayai viza iliyozoeleka kule chemchemini, ila sasa ilitoka chini ya kitanda. Siku iliyofuata ikaja sauti. Ilikuwa ya kutokota, ya chini sana, chini ya sakafu ya udongo, nayo ilisikika mchana kweupe wakati kuku wamejificha kivulini na kijiji kizima kimetulia, na mtu akitembea kutoka jikoni kwenda chumbani ilimfuata hatua kwa hatua, akisimama nayo inasimama, mpaka Verdiana akaacha kuvaa viatu ndani ya nyumba ili asijisikie akitembea.

Lakini hayo yote wangeyavumilia. Siku ya ishirini na saba, asubuhi, Verdiana alipakua uji uliokuwa bado unaruka mapovu, akageuka kuchukua kijiko, na aliporudi alimkuta Prisila amemaliza bakuli. Hakuwa amepuliza wala hakuwa ameungua. Alipangusa mdomo, akasema, "Mama, leo umepoa sana."

Verdiana alimgusa paji la uso, akapiga ukelele. Kassiani alikuja mbio na kipimajoto cha kazini, akakibana kwapani mwa mtoto. Arobaini na moja. Mtoto alikuwa anacheka kwa sababu shaba inamtekenya.

"Ana malaria," alisema Verdiana.

"Mgonjwa wa malaria anacheka?"

Kassiani alifungua daftari. Asubuhi ile shimo lilisoma themanini na nne. Kabla ya figa lilikuwa themanini na nane, na mtoto mzima ni thelathini na saba. Manne yamepungua kule, manne yameongezeka hapa. Alirudia hesabu mara tatu, akiomba akosee, yeye aliyejivunia kutokosea. Kisha akakaa chini na kumwambia mkewe kila kitu, figa, wavu, fundo. Verdiana hakumpiga wala hakumtukana. Alimsogeza mtoto upande wake, na hilo lilimuuma Kassiani kuliko kofi.

Kesho yake Abednego alipita na gari akielekea Karema. Alisoma daftari, akakuna kidevu.

"Inashuka digrii moja kila siku. Ajabu. Sasa limeenda wapi?"

"Nini, mzee?"

"Joto, Kassiani. Joto halipotei. Likipungua hapa ujue limehamia mahali. Kazi yetu ni kulitafuta."

Kassiani alitaka kumwambia ameshalipata, yuko nyumbani anacheza rede na asubuhi hii amefika arobaini na mbili. Akasema tu kwamba mtoto anaumwa. Abednego alimpa pole na vidonge vya malaria, akaahidi kuwapeleka hospitali ya Mpanda atakaporudi baada ya siku nne. Siku nne! Kassiani alizihesabu bila kutaka.

Mchana wakamwita Candide. Huyu alikuwa mganga aliyetoka upande wa Burundi, mwanamke wa makamo, mnene, aliyeuza pia dagaa na hakuwa na mbwembwe. Alivua kandambili uani, akaingia jikoni, akainama akaangalia pale patupu. Akarudi kinyumenyume. Hakufungua mkoba wake wa dawa.

"Nani alilitoa?"

"Mimi," alisema Kassiani.

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu."

Candide alivuta pumzi. Aliongea chini chini, kama anayeogopa kuamsha mtu. "Nisikilizeni. Jini aliyevamia, mimi namfukuza. Nimewafukuza wengi. Huyu hakuvamia. Mlimpelekea figa, akalipokea, akaja kwenye jiko lake. Sasa mimi namfukuzaje mtu kwake?"

"Turudishe figa," alisema Verdiana. "Aingie huyu huyu aliyelitoa, alizamie."

"Kwenye maji ya kuchemka? Na akilipata, ataomba ruhusa kwa nani?" Candide alivaa kandambili. "Hapa mwenye nyumba ni huyo mliyemkaribisha, mama. Nyie ndio mnaoweza kuondoka."

"Na mtoto?"

Mganga alimtazama Prisila, aliyekuwa amekaa juani bila kutoa jasho, na macho yake yakalengwa na machozi. "Jaribuni," akasema, na hakutaka ujira.

Siku ya ishirini na tisa daftari lilipata pengo, na Kassiani hata hakulikumbuka. Kabla ya jua walipanda lori la mpunga lililotoka Karema kwenda Mpanda, wamekaa juu ya magunia, mtoto katikati amefunikwa kitenge, kipimajoto kwapani. Wakati wa kuondoka alikuwa na arobaini na tatu, kiwango ambacho mtu hatakiwi kuwa nacho akapumua. Walipokipita kijiji cha kwanza alikuwa na arobaini. Walipovuka daraja, thelathini na nane. Verdiana alianza kuomba rozari kwa sauti, na Kassiani, kwa mara ya kwanza baada ya siku sita, alicheka. Mtoto alifumbua macho, akawaangalia kama aliyekuwa safarini, akaanza kulia kilio chake cha kawaida, cha kukasirika.

"Mama, baridi."

"Thelathini na saba!" alipaza Kassiani. "Mama Prisila, thelathini na saba, amepona!"

Walimkumbatia wote wawili. Hiyo ilikuwa furaha yao, na ilidumu kwa muda wa kupita shamba moja la mihogo. Kisha Prisila akasema tena baridi, na kipimajoto kikasoma thelathini na tano, na midomo yake ikaanza kubadilika rangi. Waligonga paa la chumba cha dereva, wakashuka, wakakaa hapo hapo kando ya barabara wakidhani labda ni umbali tu, labda wakitulia joto nalo litatulia, wakawasha moto wa nyasi, wakamvisha shati la baba na kitenge cha mama, Verdiana akamlalia kifuani ngozi kwa ngozi, na bado joto lilimtoka kama maji yatokavyo kwenye ndoo iliyotoboka, thelathini na tatu, thelathini na moja, mpaka mtoto akaacha kulia, na ule ukimya wake ukawafanya watazamane na kuelewa kitu kimoja kwa wakati mmoja bila yeyote kukitamka.

"Turudi," alisema Verdiana.

Mfanyabiashara wa mkaa aliyekuwa na pikipiki aliwabeba wote watatu. Kila kijiji walichokipita kurudi, Kassiani aliushika mkono ule mdogo akingoja upate moto, na kila kijiji ulikuwa baridi. Walifika jua likiwa utosini. Moshi ulikuwa unatoka kwenye paa la jiko, na hakuna aliyebaki nyumbani.

Kassiani alipokanyaga uani akiwa amembeba, mwili wa mtoto ukapata moto ghafla, wote kwa pamoja. Prisila alifumbua macho, akashuka mikononi mwa baba yake, akasimama kwa miguu yake. Verdiana alipiga magoti, akamshika mabega huku analia na kucheka. Mabega yalimuunguza viganja na hakuachia. Mtoto akamtoa mikono polepole, kwa heshima, akatangulia kuingia ndani. Walimsikia akikunjua mkeka na kuupangusa. Kisha akatokea mlangoni.

"Karibuni," alisema. "Vueni viatu, mkae. Mmetoka mbali."

Sauti ilikuwa ya Prisila. Kassiani alivua viatu, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine, akaingia, akakaa ukingoni mwa mkeka. Verdiana alibaki uani. Aliuliza kwa sauti ndogo ya kuomba, "Mwanangu yuko wapi?"

"Yuko chini shimoni," mtoto akajibu, bila chuki yoyote. "Alilia baridi njiani, nikamwachia nyumba yangu. Nyie mtakaa na mimi hapa."

Verdiana akavua viatu.