Mtu wa Nyuma ya Pazia

Fundi alikuwa akipinda suruali ya mteja aliposikia viatu vizito kwenye ngazi. Mguu wake uliganda juu ya kanyagio la cherehani.

"Mama, afisa wa nyumba! Nyuma ya pazia, haraka!"

Mama mkwe wake alijikokota kwa miguu iliyovimba. "Kila akija, mimi mwizi," alinung'unika. "Hata kukohoa ni marufuku!"

"Taratibu, mama. Utatuponza."

Chumba kilikuwa cha serikali, na kwenye kadi ya upangaji liliandikwa jina la fundi tu. Mumewe alipofariki, alimchukua mama mkwe huyo akae naye. Mteja mmoja akamtia hofu: akikutwa mtu asiyeandikwa, wote mnatolewa nje. Fundi hakumuuliza mtu mwingine yeyote. Mwaka mzima alimficha mama wa watu.

Afisa aliingia na faili lake.

"Fundi, kodi imelala miezi mitatu. Ijumaa majina ya watakaohamishwa yanapelekwa."

"Kiwanda kilichonipa kazi kimefungwa, baba. Nashona viraka tu."

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Huna mzee? Huna mgonjwa?"

"Sina," alisema fundi. Afisa akaanza kuandika.

Pazia likatikisika. Mama mkwe akatoka, ameshikilia ukuta, akihema.

"Yupo mzee. Yupo na mgonjwa. Wote ni mimi. Kama ni kufukuza, nifukuze mimi, mwanangu umwache."

Fundi akakaa chini. Basi, yamekwisha, alijiambia.

Afisa aliweka kalamu mezani. "Fundi, mbona umemficha mtu ambaye angekusaidia?"

"Kunisaidia vipi?"

"Serikali ina msaada wa kodi kwa wapangaji wake wenye shida: wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, waliopoteza kazi. Lakini hatuwezi kumsaidia mtu tusiyejua kuwa yupo."

"Kumbe hatufukuzwi kwa ajili yake?"

"Ungeomba tu aandikwe. Sasa sikiliza. Nenda ofisini kabla ya Ijumaa. Chukua kitambulisho cha mama, barua ya kliniki, na barua ya kiwanda. Fomu ni bure. Akikudai mtu chochote, usitoe."

"Kusoma kwangu kwa kubahatisha."

"Sema hivyo pale mapokezi. Watakusomea."

Fundi alilia kwa aibu. Mama mkwe akampapasa bega. "Lia, kisha uvae viatu. Kliniki hufungwa mapema."

Alhamisi fomu ilipokelewa, na jina la fundi halikupelekwa kwenye orodha ya watakaohamishwa. Baada ya wiki chache jibu lilikuja. Serikali ingelipa sehemu kubwa ya kodi, na deni la nyuma angelilipa kidogo kidogo. Kadi mpya ilikuwa na majina mawili.

Pazia fundi alilikata, akalishona kuwa mto wa kiti, akakiweka kiti karibu na mlango. Afisa alipopiga hodi tena, fundi alishtuka kwa mazoea. Mama mkwe hata hakugeuka.

"Karibu!" aliitikia kwa sauti ya ngazi nzima kusikia. "Tupo wawili!"