Ngozi Iliyosema

Kila jioni, masomo yakiisha, Yeshimebet alitumwa kununua shayiri ya kukaanga, maana mama yake hakukubali kahawa imiminwe pasipo kitu cha kutafuna. Muuzaji wao pale mjini Dessie alikuwa Asnakech, tuliyemwita Etiye kwa heshima ya umri wake, mama mwenye ulimi mkali aliyekaangia mlangoni kwake na kuwafungia wateja katika vifuko vya karatasi. Karatasi alizinunua sokoni kwa kilo. Zamani zilikuwa magazeti. Mwaka ule zilikuwa vitabu, na mtaa mzima ulijua sababu. Watu wa ofisi ya mtaa walipita nyumba kwa nyumba wakikusanya vitabu walivyoviogopa, kisha mmoja wao akaona ni hasara kuvichoma bure, akaviuza sokoni. Sisi wa mtaa ule tuliochukuliwa vitabu hatujasahau.

Siku moja Yeshimebet alimaliza njiani kifuko chake kidogo cha shayiri, akakikunjua.

“Mimi ni ngozi ya ng'ombe aliyechinjwa siku ya harusi,” ukurasa ulisema. “Wamenianika, wamenifanya ngoma, na kila anayenipiga namsikia anavyodanganya.”

Alisimama palepale njiani akasoma. Nyuma ya ukurasa, fisi waliovaa makoti walikaa mezani wakigonga mihuri, na wafu walipanga foleni ya mkate, vichwa vyao kwapani. Mwili ulimsisimka. Vitabu vya shule vilikuwa na mtoto mtiifu na ng'ombe wa maziwa, basi. Hiki kilimtisha, naye akataka kutishwa tena.

Kesho yake alirudi mbio. Ukurasa mpya ulitoka sehemu ya mbali kabisa ya kitabu kilekile. Ngoma ilikwisha kupasuka na bado ilikuwa inasema. Hilo halikumsumbua, kwani hadithi yenyewe ilirukaruka kama ndoto. Kilichomuuma ni kwamba kila mteja aliondoka na kipande. Alipoomba apewe kilichobaki, Etiye Asnakech alimuuliza kama shayiri atawafungia watu kwenye masikio. Mwishowe walipatana: Yeshimebet achambue mawe kwenye shayiri kila jioni, alete na magazeti ya baba yake, kitabu kiwe chake. Hakikuwa na jalada, na nusu yake ilikwisha kuliwa na mtaa. Alikificha chini ya ungo, akawa anachambua kwa mkono mmoja, mwingine unafunua kurasa.

Jumamosi moja foleni ya wateja ilipisha njia ghafla. Zerihun wa ofisi ya mtaa, aliyeitwa Gashe kama wanaume wote wa kuheshimiwa, alikuja ameshika kifuko kilichokunjuliwa. Ulikuwa ukurasa mwingine wa fisi, uliofungiwa mteja kabla ya yale mapatano. Aliuliza kwa sauti ya chini umetoka wapi.

“Mimi kusoma sijui, Gashe,” Etiye Asnakech alisema. “Kwangu zote ni karatasi.”

“Utawaeleza hukohuko ofisini. Zima moto, twende.”

Yeshimebet alijua wanaopelekwa huko hawarudi upesi. Alijua pia kwamba hakuna aliyemtazama yeye. Angeendelea kuchambua mawe, na kitabu kingebaki chake. Lakini alisimama akauinua ungo.

“Kitabu ni changu. Yeye hasomi, ninayesoma ni mimi.”

Zerihun alimgeukia polepole. “Umesoma habari za hawa fisi?”

“Nimesoma, Gashe.”

“Na umeambiwa ni akina nani?”

“Sikuambiwa. Kitabu hakisemi, na mimi niliona fisi tu.” Akamtazama usoni, maana kweli alitaka kujua. “Wewe umewaona akina nani, Gashe?”

Mtu alikohoa kwenye foleni. Mzee mmoja akasema kwa upole, “Mtoto kauliza, Gashe. Mjibu.”

Zerihun alifungua kinywa. Jina lolote ambalo angelitaja lingekuwa la kwake au la mkubwa wake, na watu wote walikuwa wamesimama wanasubiri. Aliukunja ule ukurasa, akautia mfukoni, akasema shayiri hii ina mawe, akaondoka.

“Haina,” Yeshimebet alinong'ona. “Nimeyatoa yote.”

Etiye Asnakech aliketi chini, akamvuta karibu. “Mwanangu, ungenyamaza, mimi ningelala ndani, na wewe ungebaki na kitabu chako na aibu yako. Umesema kweli bila kuipamba, akakosa pa kukushika. Shika mwendo huohuo. Na kitu kizuri usikifiche tena chini ya ungo. Nisomee. Miaka yote hii nimekuwa nikichana nisichokijua.”

Akasoma, na foleni ikasogea kusikiliza. Alipofika kwenye fisi alisita, akasema hapa pana pengo, ukurasa wake uko mfukoni mwa Gashe Zerihun.

“Mwache nao,” Etiye Asnakech alisema, akichochea moto. “Na yeye asome.”